Ulimi wa Mahakama na Hamali wa Mlandege

Katika miaka yangu yote ya ukalimani mahakamani, swali nililolitafsiri mara nyingi kuliko yote halikuwa "Umeua?" wala "Umeiba?" Lilikuwa "Unakaa wapi?" Hakimu akishamuuliza mtu jina lake, la pili ni hilo. Nanyi vijana mnaosomea sheria, mnaokuja hapa barazani kwangu na visimu vyenu mkitaka nikuhadithieni habari za zamani, nakwambieni kabla kahawa haijapoa: jibu la swali hilo lilikuwa nusu ya kesi.

Mtu akijibu "Shangani," hakimu alinyanyua uso akamtazama. Akijibu "Mlandege," hakimu aliendelea kuandika.

Sisemi kwamba hakimu alikuwa mtu mbaya. Yule ninayemkumbuka zaidi alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole, mpenda halua kuliko wengi wetu tuliozaliwa nayo. Alikuwa mwadilifu kadiri macho yake yalivyofika, na macho yake yalifika Darajani. Ukivuka hapo ni Ng'ambo, na Ng'ambo yeye alikuwa akiijua kwa harufu ya karatasi za polisi tu.

Miaka ya hamsini mji wetu ulikuwa mmoja kwa jina. Upande wa baharini, ndiko Shangani, nyumba za mawe, milango ya nakshi, taa barabarani na maji ya mfereji mpaka ghorofani. Upande wa pili nyumba za udongo na makuti, bomba moja la mtaa, na ndoo zimepangwa foleni tangu alfajiri utadhani nazo zimekuja kusali. Mlandege ndiyo ilikuwa sebule ya Ng'ambo: maduka madogo, mafundi, wachukuzi, kelele. Kutoka Shangani mpaka pale ni mwendo mfupi sana, lakini ndani ya mahakama ulikuwa mrefu kama safari ya Pemba wakati wa kusi.

Mimi sikuwa wa huku wala wa kule. Nimezaliwa Mbweni, baba yangu fundi seremala aliyelelewa na misheni. Kiingereza nilikipata kwa mapadri, na baiskeli niliirithi kwa baba. Kila asubuhi nikija mjini juu ya baiskeli hiyo, suruali nimeibana kwa kibanio cha kuanikia nguo, na mara nyingi nilisahau kukitoa. Nimetafsiri kesi nzima ya mauaji nina kibanio mguuni.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Fereji, mkalimani mkuu, mtu mfupi mwenye kofia ya vitobo iliyokaa wima siku zote. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye benchi la ukumbini.

"Petro," akaniambia, "ukishaingia mle ndani, mdomo wako si wako. Umeuazimisha. Mtu akitukana, tukana. Akilia, wewe usilie, sema maneno yake. Na usimtazame nguo."

"Nguo, Bwana?"

"Ee, nguo. Ukimtazama mtu nguo utampa Kiingereza cha nguo zake. Mwenye kanzu nyeupe utampa Kiingereza kilichopigwa pasi. Mwenye msuli uliochanika, utampa kilichochanika. Mtazame mdomo."

Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza, "Tena usinywe kahawa nyingi asubuhi. Anayeruhusiwa kutoka katikati ya kesi ni hakimu peke yake."

Nasaha hizo mbili, ya nguo na ya kahawa, zimenifaa maisha yangu yote. Lakini hazikunizuia kuteleza. Mwezi wangu wa mwanzo alikuja mwanamke wa Bwejuu, msokota kamba za usumba wa nazi, amemshitaki jirani yake kwa kumfanyia ufidhuli njiani. Akasema, "Huyu bwana alinipiga jicho mbele ya mume wangu." Mimi, kwa haraka ya ujana, nikatia katika Kiingereza kwamba bwana huyo alimpiga ngumi ya jicho. Hakimu akaweka kalamu chini, akaomba kuona jeraha. Nikamwambia mama wa watu, "Hakimu anataka kuliona jicho." Akamfumbulia yote mawili, makubwa, meupe, mazima. Hakimu akainama, akatazama la kulia, akatazama la kushoto.

"Mbona sioni kitu?" akauliza.

Nikamtafsiria mama. Naye akajibu kwa hasira, "Hakuona kitu? Basi amuulize mume wangu, yeye aliona!"

Bwana Fereji alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Tangu siku hiyo nikajua kwamba neno la Kiswahili lina milango, na mkalimani asiyebisha hodi ataingia chumba cha watu. Ukilitilia shaka neno, simama, omba ruhusa, uliza. Aibu ya kuuliza haizidi dakika. Aibu ya kukosea inaweza kumfunga mtu.

Ndiyo maana nataka kukuhadithieni habari ya Makame.

Makame alikuwa hamali, mwenyeji wa Tumbatu, anakaa Mlandege na mkewe Bi Mize katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa na rikwama lake la mbao, la kusukuma kwa mkono, na beji ya shaba kifuani, ile waliyokuwa wakipewa mahamali wenye ruhusa ya kuchukua mizigo mjini. Beji ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Hamali akitiwa hatiani kwa wizi alivuliwa, na akishavuliwa hakuna duka wala forodha itakayompa hata kapu la ndimu.

Alisimama kizimbani asubuhi moja, kifua kipana, miguu peku, na mbele ya hakimu juu ya meza imewekwa santuri, ile mashine ya kupigia sahani za nyimbo, yenye pembe kubwa kama ua la boga. Ilikuwa mali ya Bwana Salum wa Shangani, tajiri wa mashamba ya karafuu. Bwana Salum alirudi kutoka shamba akaikuta haipo. Mtumishi wake akasema alimwona hamali akitoka mlango wa nyuma na kitu kimefungwa jamvi. Polisi wakaingia Mlandege. Walipindua vitanda, wakamwaga mitungi, wakatoboa dari za makuti kwa fimbo, nyumba baada ya nyumba mpaka usiku ukawakuta hawajazimaliza, na hawakuiona. Waliikuta siku ya pili, juu ya rikwama la Makame, pale Darajani.

"Unakaa wapi?" hakimu akauliza.

"Mlandege."

Kalamu ikaendelea.

"Muulize ameiba au hakuiba."

Nikamuuliza. Makame akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama yeye ni mwanamume. "Sikuiba," akasema. "Nimechukua."

Ukumbi mzima ukacheka. Sajini aliyekuwa akiendesha mashtaka akanyosha mkono, kama anayesema, si mmesikia wenyewe?

Mimi nikasimama hapo hapo. Nyinyi mnajua: kwetu mtu huchukua kitu akaondoka nacho, na mtu huchukua mzigo kichwani au begani. Neno ni hilo hilo. Kiingereza kina maneno mawili, na lile la kwanza lingeandikwa pale, Makame angekuwa amekiri kosa kwa mdomo wangu. Nikakumbuka jicho la mama wa Bwejuu.

"Bwana Hakimu," nikasema, "neno alilolitumia lina maana mbili. Naomba ruhusa nimuulize anakusudia ipi."

"Muulize."

"Makame, umechukua vipi?"

"Kwa rikwama."

Kicheko kikaja tena, safari hii kikubwa zaidi. Lakini Makame hakuwa akifanya mzaha. Alishika mbao ya kizimba akasema kwa haraka, kwa lafudhi ya kwao, nami nikimfuata nyuma kama mtoto anayekimbilia gari: "Mie hamali. Kuchukua ndiyo kazi yangu. Kijana wa nyumba ile, Hilali, mtoto wake Bwana Salum, kanita mlangoni kwao kanambia nichukue hii nipeleke Mlandege, nkachukua. Halafu kaja mbio kanambia irudishe, nkawa nnairudisha. Hapo ndipo polisi waliponikamata. Sasa kosa langu lipi, kupeleka au kurudisha?"

Hakimu akaandika kwamba mshitakiwa amekana. Nikashusha pumzi.

Hilali aliitwa. Alikuwa kijana mzuri wa sura, kanzu imenyoka, na alizungumza Kiingereza bila kunihitaji, jambo ambalo hakimu alilifurahia wazi. Akaapa. Akasema hamjui hamali huyu, hajapata kumwita, na Mlandege yeye hapajui ila kupita kwa gari. Niligeuka nikamtafsiria Makame maneno hayo kwa Kiswahili, kwani ni haki yake kuyasikia. Makame alimtazama Hilali tu, na Hilali akawa anaitazama santuri.

Kesi ikaahirishwa ili mashahidi wengine watafutwe, na hapo ndipo penye habari ya dhamana. Hakimu alisema Makame anaweza kwenda nyumbani akipata mdhamini mwenye nyumba ya mawe. Haikuwa sheria iliyotungwa kwa ubaya. Walitaka mdhamini mwenye kitu kisichohamishika. Lakini Mlandege nzima utaipata wapi nyumba ya mawe? Watu walisimama ukumbini, jirani baada ya jirani, fundi cherehani, muuza makaa, imamu wa msikiti wao, kila mmoja akijitolea. Nikawatafsiria jibu lile lile mmoja mmoja: nyumba ya udongo haifai. Imamu aliniambia, "Mwambie nnasalisha watu ndani ya nyumba ya udongo, na sala zinakubaliwa." Nilimwambia hakimu. Akatabasamu kwa huruma, na Makame akapelekwa jela kungoja.

Asubuhi hiyo hiyo, kesi iliyofuata, alisimama kijana wa Vuga, huko huko kwenye nyumba za mawe, aliyempitia muuza maziwa kwa motokaa akamvunja mguu. Hakimu akamuuliza anakaa wapi. Akasema. Akaambiwa aende nyumbani, arudi atakapoitwa. Hakuna aliyemtaka mdhamini. Sikupewa kazi ya kutafsiri hapo, maana wote wawili walisema Kiingereza, na muuza maziwa alikuwa hospitali.

Sikulala vizuri siku hizo, nakwambieni kweli. Lakini tabia yangu nikiwa na dhiki ni kula, na Bwana Fereji alikuwa akinikuta kwenye benchi na mihogo ya kukaanga mapajani.

Siku moja nikiwa katika hali hiyo, Bi Mize akaja. Mwanamke mwembamba, buibui limefifia, sauti ya chini.

"Bwana Mkalimani, sabalkheri."

"Sabalkheri, Bi Mize."

"Nimekuja kukuomba. Watu wanasema wewe ndiye ulimi wa mume wangu mle ndani. Basi mtilie maneno mazuri. Yeye hajui kusema. Akisema neno, wanacheka. Wewe unayajua maneno wanayoyapenda."

Nilimtazama Bwana Fereji. Bwana Fereji aliitazama mihogo.

"Bi Mize," nikamwambia, "nikimwongezea leo neno zuri, kesho nitaweza kumpunguzia mwengine. Siwezi. Lakini jambo moja naruhusiwa kukwambia, kwa kuwa limesemwa mbele za watu: mume wako anaweza kuleta mashahidi. Nani mwengine alimwona Hilali Mlandege?"

Akacheka, kicheko kikavu. "Uniulize nani hakumwona! Kila Ijumaa yuko kwa Bi Zuhura."

Basi nikazijua habari. Bi Zuhura alikuwa mjane, mwimbaji wa harusini, mwenye nyumba kubwa kidogo pale Mlandege. Chumba chake cha kati vijana walikuwa wakikutana mchana kufanya mazoezi ya taarabu. Hilali alikuwa mmoja wao, mpiga fidla, tena ndiye aliyependa kuliko wote. Babake hajui. Kwa Bwana Salum, mtoto wa Shangani kupiga ngoma Ng'ambo ilikuwa karibu na kuritadi dini. Siku ile Hilali alitaka wenzake waisikie sahani mpya iliyotoka Misri, akaitoa santuri babake akiwa shamba. Hakudhani babake atarudi mapema.

"Basi Bi Zuhura aje aseme," nikamwambia.

"Anaogopa. Anasema mahakamani watamuuliza vijana wa watu wanafanya nini nyumbani kwake, na kabla hajajibu atakuwa keshapata jina. Yeye anaishi kwa kuitwa harusini, Bwana. Nani atamwita mwimbaji mwenye jina?"

Bi Mize alijifunga buibui lake akaenda zake. Nilimwona akipotea kwenye msongamano wa Darajani, nikasema moyoni, kesi imekwisha.

Hapa nikwambieni jambo nililolijua kwa kukaa mahakamani, wala halimo kitabuni. Watu wa Shangani walikuwa wakisema, "Ng'ambo ndiko kwenye makosa, tazameni wanavyojaa kortini." Kweli walijaa. Lakini nyumba ya udongo na makuti haina siri. Mume akimfokea mke, mtaa mzima unajua, mmoja anakimbilia polisi, kesho wako kwangu. Kuta za Shangani zilikuwa nene kama urefu wa mkono wangu. Nimekwenda mara kadhaa kutafsiri hati katika nyumba zile, nikaona mtumishi mwenye jicho lililovimba akinimiminia kahawa. Hilo halikupata kuletwa kizimbani. Liliitwa mambo ya nyumbani.

Siku ya kesi ilipofika, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Aliyeanza ni yule askari aliyemkamata Makame. Akaeleza kwa mbwembwe: alikuwa Darajani, akaona rikwama, akalitilia shaka jamvi, akafunua, akaikuta santuri, akamkamata mtuhumiwa aliyekuwa akitoroka na mali.

Hakimu alikuwa amekwisha kuandika. Kisha kitu kikamwingia, sijui nini. Akauliza, "Rikwama lilikuwa linaelekea wapi?"

Nikatafsiri. Askari akafikiri.

"Linaelekea Shangani, Bwana."

"Alikuwa akitoroka na mali ya Shangani, kuelekea Shangani?"

"Ndiyo, Bwana. Ni mjanja."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lahaula!" na ukumbi ukaangua kicheko. Hata Makame akacheka. Hakimu mwenyewe alifunika mdomo kwa kitambaa. Lakini sajini akasema labda alikuwa akienda kuiuza, na kicheko hakimfungulii mtu. Hilali alikuwa amekaa mbele pamoja na babake, na neno lake lilikuwa limekwisha kuapiwa.

"Mshitakiwa ana shahidi?"

Nikamuuliza Makame. Akatikisa kichwa. Kabla sijasema "Hapana," sauti ya mwanamke ikatoka mlangoni: "Naam! Yupo!"

Wakapisha njia. Aliingia Bi Zuhura, mwanamke mnene, mrefu, uso wazi ndani ya buibui jipya, hatembei kwa haraka. Nyuma yake Bi Mize. Nyuma ya Bi Mize, wanawake wa Mlandege, sijui walikuwa wangapi, wamejaa mpaka ngazini. Baadaye Bi Mize alinieleza alichofanya. Alikwenda kwa kila mwanamke mtaani mwenye binti wa kuozwa akamwapisha kwamba atamwita Bi Zuhura harusini, jina lisemwe lisisemwe. Halafu akaenda kumgongea Bi Zuhura, akamwambia, "Nshakupatia harusi mpaka uzeeni. Sasa ogopa jengine."

Bi Zuhura akaapa. Akasimama kama yuko jukwaani.

"Unakaa wapi?" hakimu akauliza.

"Mlandege," akasema, akaliimba kidogo. "Nyumba ya tatu ukitoka bombani. Karibu."

Nilitafsiri mpaka ule ukaribisho. Hakimu akanyanyua uso.

Bi Zuhura akasimulia yote: mazoezi, sahani ya Misri, santuri kufika kwa rikwama na Hilali akitembea mbele yake kama bwana harusi. Sajini akasimama.

"Mlikuwa nani na nani humo ndani?"

"Vijana watano na mie."

"Kwa hivyo zaidi ya nyinyi, hakuna aliyeona wala kusikia?"

Niliposema hilo kwa Kiswahili, wanawake wote waliguna. Bi Zuhura alimtazama sajini kwa huruma ya kweli.

"Mwanangu," akasema, "wewe umezaliwa wapi? Mie nkipiga chafya chumbani, jirani wa kulia ananiombea rehema, na wa kushoto ananiuliza kama nshakunywa dawa. Unataka walosikia? Hao hapo ngazini. Waite mmoja mmoja, mtakula daku hapa."

Kisha, bila kuomba ruhusa, akageuka kule mbele. Sauti yake ikawa laini, sauti ya mtu anayemwita mtoto kula.

"Hilali mwanangu. Fidla yako bado iko kwangu, imetundikwa ukutani. Nimeifunika kanga isiingie vumbi. Njoo uichukue, au niwape wenzako?"

Bwana Salum aligeuka polepole. "Fidla?" akasema. "Fidla gani?"

Nimeona watu wengi wakivunjika kizimbani. Wengi huvunjwa na maswali. Hilali alivunjwa na upole. Alisimama akasema kwa Kiingereza, kwa kuwa ndicho alichokimbilia akiona haya, kwamba yote ni kweli. Ni yeye aliyeitoa santuri. Ni yeye aliyemwita hamali. Aliogopa.

Wengi ukumbini hawakufahamu alichosema. Na mtu aliyekuwa na haja ya kufahamu kuliko wote alikuwa amesimama kizimbani, anatazama huku na huku. Nikamgeukia.

"Makame," nikasema, "Hilali anasema ndiye aliyekuita. Anasema ulichukua mzigo tu."

Makame akakaa chini. Hapo hapo, sakafuni ndani ya kizimba, tukawa hatumwoni ila vidole vyake vimeshika mbao. Vigelegele vikapigwa ngazini mpaka tarishi akapiga kelele watu wanyamaze, na hakuna aliyemsikia.

Sajini akaondoa mashtaka. Hakimu akamwambia Makame yuko huru, na beji yake arudishiwe. Kuhusu Hilali aliyekula yamini ya uongo, hakimu akasema ni kijana, ameona haya mbele ya wazee, na anaamini babake atamwonya nyumbani. Kisha, kwa heshima, akauliza kama Makame ana neno.

Makame akasimama. "Nnalo. Mie nlilala jela kwa neno lake. Yeye, kwa neno lake, analala wapi?"

Nilitafsiri. Nilitafsiri vizuri, vijana, sikuzidisha wala sikupunguza. Hakimu aliweka kalamu chini, uso umemwiva.

"Mwambie," akasema hatimaye, "kwamba swali lake ni zuri."

Nikamwambia.

"Mwambie nashukuru," akasema Makame. "Jibu je?"

Nikatafsiri hilo pia. Hakimu akanyanyuka, na sisi sote tukanyanyuka, maana ndiyo adabu, na akatoka kwa mlango wake.

Kesi iliishia hapo. Mkitaka kujua kama sheria ya dhamana ilibadilika, haikubadilika, si kwa haraka. Ila hakimu yule, tangu siku ile, akishauliza "Unakaa wapi?" alinyanyua uso kwa kila mtu, na mara mbili tatu nilimsikia akimkubali mdhamini mwenye nyumba ya makuti, wa kwanza wao yule imamu. Hilali naye alipelekwa shamba kusimamia karafuu. Nasikia huko shamba hakukosa fidla, lakini hilo ni la kusikia.

Yaliyofuata ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, nayo ndiyo ninayoyapenda.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nakuja kazini kwa baiskeli, nikapita Shangani. Mbele ya nyumba ya Bwana Salum limesimamishwa kabati kubwa la mninga, mlango wake mmoja umeng'oka, linatakiwa kupelekwa kwa fundi Mlandege. Mtumishi amesimama, jasho linamtoka, anamwita kila hamali anayepita. Mahamali wanapita. Mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwengine akasema leo hafanyi kazi, na rikwama lake limejaa magunia. Mwishowe Bwana Salum mwenyewe akatoka, bakora mkononi, na wakati huo huo Makame akatokea kwenye kona na rikwama tupu.

Walitazamana. Mimi nikashuka kwenye baiskeli nikajifanya nautazama mnyororo.

"Sabalkheri, Bwana," akasema Makame.

"Sabalkheri. Utachukua?"

"Ntachukua. Lakini siku hizi sisi mahamali wa Mlandege tuna sharti letu. Mzigo wa Shangani hauvuki Darajani peke yake. Mwenyewe atatangulia kwa miguu, watu wamwone, nasi tutamfuata."

Mtumishi akaanza kufoka. Bwana Salum akamzuia kwa mkono. Alilitazama kabati, akalitazama jua, akamtazama Makame. Nilidhani atarudi ndani afunge mlango. Badala yake alivuta pumzi, akavaa viatu vyake vizuri, akaingia njiani.

Wallahi nilichelewa kazini siku ile, na Bwana Fereji hakunisemesha mpaka adhuhuri. Nisingeweza kuacha kuwafuata. Bwana Salum mbele, kanzu nyeupe, bakora inagonga mawe. Makame nyuma, anasukuma kabati bila haraka. Tukapita sokoni, watu wakaacha kupima samaki. Tukavuka Darajani. Upande wa pili Bwana Salum akasimama. Vichochoro vilimfungukia mbele, kulia na kushoto, na mzee yule aliyekuwa na mashamba mpaka kaskazini ya kisiwa hakujua pa kupita. Akageuka nyuma.

"Makame," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitaja jina lake. "Njia ipi?"

Makame akafuta jasho kwa mkono wa shati.

"Nyosha tu, Bwana," akasema. "Ukiona kila mtu anakusalimia, ujue umefika."